Juni imefika na malengo ya Januari yamelala. Nisubiri mwaka mpya?

SWALI: Shikamoo dada mshauri. Nina miaka 29, nauza katika duka la dawa hapa Morogoro. Januari niliandika malengo matatu kwenye daftari: kurudia Kemia ya kidato cha nne ili nipate sifa za kusomea famasia, kuweka akiba ya shilingi milioni moja na laki mbili hadi Desemba, na kuacha soda kwa sababu presha imeanza kunipanda. Kemia nimejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na tuisheni nilianza vizuri. Machi mama akaugua, nikakaa naye Kilosa wiki tatu, na niliporudi sikuendelea. Akiba nina elfu themanini na tano. Mshahara wangu ni laki mbili na nusu. Soda niliirudia wiki ya pili tu. Wenzangu wananiambia mwaka ukishaharibika umeharibika, nijipange Januari. Nami naanza kuamini kwamba mimi si mtu wa malengo. Je, nisubiri? Samahani kwa kuandika usiku, Jumamosi mchana huwa nina kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Hicho sijawahi kukosa hisa zangu mbili tangu tuanze, huu mwaka wa tatu. Hata nikiwa Kilosa nilituma kwa simu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kuuguza, na natumaini mama sasa ana nguvu.

Usisubiri Januari. Hilo ndilo jibu, na ningeweza kuishia hapo. Ila maneno uliyoyaweka mwisho wa barua, kama ya kuomba radhi tu, nimeyasoma mara tatu. Umenieleza malengo matatu yaliyokushinda, ukasahau kulihesabu la nne ambalo umelishika kwa zaidi ya wiki mia moja mfululizo, hadi ukiwa kando ya kitanda cha mama. Mtu asiye wa malengo hafanyi hivyo. Kwa hiyo tusiulize wewe umekosa nini. Tuulize kikoba kina nini ambacho Kemia, akiba na soda havina.

Mimi pia nina kikoba. Tunakutana Jumapili saa tisa alasiri, barazani kwa katibu. Sanduku la chuma linaletwa, kisha wanachama watatu wanainuka, kila mmoja na ufunguo wake, maana lina kufuli tatu na hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Katibu anaita namba. Namba saba! Unasogea, unaweka pesa mezani, zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, mhuri unagongwa kwenye kitabu chako, hisa moja mhuri mmoja. Wakati wa masika mwenzetu mmoja muuza mbogamboga alifika bila kitu. Mvua ilikuwa imelaza mchicha wake wote. Namba yake ilipoitwa alisimama akasema, "Leo sina hisa, nina ya jamii tu." Akaweka elfu moja ya mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, katibu akaandika sifuri kwenye safu ya hisa, akaita namba inayofuata. Hakuna aliyeguna. Jumapili iliyofuata alikuja na hisa mbili.

Iangalie sana ile sifuri, mdogo wangu. Kwenye kikoba, wiki mbaya inaandikwa, daftari linafungwa, na baada ya siku saba linafunguliwa tena. Wewe Machi ilikuwa mbaya, na ilikuwa mbaya kwa sababu ya haki kabisa. Mtoto gani angebaki na vitabu vya Kemia mama yake akiwa mgonjwa? Uliporudi, kikoba kilikuwa kinakungoja Jumamosi. Kemia ilikuwa inakungoja siku gani? Haikuwa na siku. Ilikuwa na Januari moja iliyokwisha pita na Januari nyingine ya mbali. Lengo lililopewa siku moja tu katika mwaka, likianguka Machi, linalala chini miezi tisa bila mtu wa kuliinua.

Nisieleweke kwamba maazimio ya mwaka mpya hayana maana. Mwaka 2002 mwanasaikolojia John Norcross na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti uliofuata watu wa aina mbili, wote wakiwa na jambo wanalotaka kulibadili: walioweka azimio la mwaka mpya, na waliotaka kubadilika lakini hawakuazimia lolote. Baada ya miezi sita, watu 46 katika kila 100 wa kundi la kwanza walisema bado wanaendelea. Katika kundi la pili walikuwa 4 tu. Kuazimia kuna nguvu, na ulifanya vyema kuliandika lako.

Kosa ni kudhani nguvu hiyo inapatikana Januari peke yake. Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu huenda mazoezini zaidi, na hutafuta zaidi habari za kupunguza mlo mtandaoni, kila wanapohisi ukurasa umegeuka: mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi, mwanzo wa muhula, baada ya siku ya kuzaliwa. Januari mosi ni mwanzo mmoja katika mianzo mingi. Jumatatu peke yake zipo 52.

Na sisi wa huku hatujawahi kuwa na mwaka mmoja tu. Serikali yenyewe haianzi mwaka wake wa fedha Januari. Bajeti husomwa Dodoma mwezi huu wa Juni na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kama ilivyo Kenya na Uganda. Mwislamu ana Muharram, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya ukutani. Mkulima anaanza upya vuli, anaanza tena masika. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka hugeuka Julai: wanaume wanachapana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na kinyongo cha mwaka mzima kinamalizwa palepale uwanjani. Wanaita Mwaka Kogwa, na mzizi wake ni Nairuzi, mwaka wa jua ambao wazee wa mwambao waliutumia kwa kilimo na uvuvi.

Katika hesabu ile ya Nairuzi kuna kitu nakitamani tukirudishe. Wazee waliugawa mwaka katika miongo. Siku hizi tukisema mwongo tunamaanisha miaka 10, lakini kwao mwongo ulikuwa siku 10. Mvuvi hakusema "mwaka huu nitavua sana." Alijua yuko mwongo wa ngapi, upepo gani unakaribia, na kwa hiyo afanye nini katika siku zile kumi. Mwaka wa siku 365 una miongo 36 na siku tano za kufungia. Hebu fikiria: kalenda ya ofisini inakupa mwanzo mmoja, mzee wa Unguja alikuwa nayo 36. Mwongo mmoja ukiharibika, alikuwa amepoteza siku 10.

Hivyo ndivyo nataka tuupange huu mwaka wako uliobaki, na kwa urahisi wa kukumbuka tutumie tarehe zenye sifuri: 10, 20 na 30 ya kila mwezi. Hizo ndizo siku zako za hesabu. Siku ya hesabu hujilaumu, wala huanzi kupanga maisha upya. Unafungua daftari, unaandika kilichofanyika katika mwongo uliopita, na kama hakikufanyika kitu unaandika sifuri. Kisha unaandika kazi moja ya mwongo unaoanza. Robo saa inatosha.

Tuanze na Kemia, maana ndiyo kubwa na ndiyo yenye tarehe isiyokusubiri. Mtihani ni Novemba. Kuanzia tarehe 1 Julai hadi 31 Oktoba kuna siku 123, yaani miongo 12 na siku tatu juu. Hazitoshi kusoma kidato cha kwanza hadi cha nne kwa utulivu, na ukijaribu hivyo utakwama tena kwenye kurasa za mwanzo ambazo nina hakika umeshazisoma mara nyingi kuliko zote. Chukua mitihani ya miaka mitano iliyopita, ikae mezani, na uandike mada zinazorudi kila mwaka. Utaona mahesabu ya moli, kile kipimo cha kiasi cha kemikali, hayakosi, elektrolisisi haikosi, asidi na besi hazikosi, na maswali ya kaboni na kampaundi zake hayakosi. Chagua 12, kila mwongo mada moja. Siku saba za kusoma, siku mbili za kujibu maswali halisi ya mtihani kitabu kikiwa kimefungwa, siku ya kumi hesabu. Mada ikikushinda ndani ya mwongo wake, iandike hivyo na uende kwenye nyingine. Zile siku tatu za ziada ni za kuirudia. Pigia mahesabu ya moli mstari uyaweke mwongo wa kwanza kabisa, kwa sababu yanaingia ndani ya mada nyingine nyingi; asiyeyaweza anapoteza alama hata mahali asipotarajia.

Halafu muda. Najua kazi ya duka la dawa: unafungua asubuhi, unafunga usiku, na katikati hakuna saa unayoweza kuiita yako. Usiniambie "nitasoma nikipata nafasi." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia aliyelifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1990, ameonyesha kwamba mtu anayejiwekea mpango wa "likitokea hili, nafanya lile" hutimiza kuliko mwenye nia njema tupu. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya aina hiyo, na matokeo kwa jumla yalikuwa upande huo. Wako uandike kwa maneno yako, mfano: "Nikishafunga duka na kula, kabla sijashika simu, nafungua Kemia dakika 40." Sehemu ya "kabla sijashika simu" usiifute. Ukiishika, dakika 40 zimekwenda.

Na mtu wa kukuita namba. Kikoba kingekuwa cha mtu mmoja kingekufa wiki ya tatu, hata kiwe na sanduku la kufuli kumi. Rudi kwa mwalimu wa tuisheni umweleze ukweli wa Machi. Walimu wengi wanapokea mwanafunzi anayerudi kuliko tunavyoogopa. Hapo tuisheni tafuta mmoja anayerudia kama wewe, mkubaliane kwamba kila tarehe 10, 20 na 30 mnatumiana picha ya ukurasa wa hesabu. Picha tu, bila maelezo.

Akiba nitaisema kwa uwazi, na usiudhike. Ile milioni moja na laki mbili haikuwa lengo, yalikuwa matamanio. Laki moja kila mwezi kutoka kwenye mshahara wa laki mbili na nusu, baada ya kodi, chakula, nauli na kikoba, na mama wa kumtumia, haitoki. Hukushindwa kuiweka, haikuwepo. Chukua kalamu uifute. Kulifuta lengo mchana kweupe, ukijua kwa nini, ni sehemu ya kupanga, na kunapaswa kufanyika katikati ya mwaka, kabla halijakukalia moyoni hadi Desemba na kukuaminisha kwamba wewe ndiye mbovu.

Badala yake tazama ulipokwisha kujenga. Hujasema bei ya hisa zenu. Tuseme ni elfu mbili na mia tano. Hisa mbili ni elfu tano kwa wiki, na kama mzunguko wenu ulianza Januari, hadi mwisho wa Juni ni wiki 26, yaani laki moja na elfu thelathini. Kuanzia Julai ongeza hisa moja tu. Hisa tatu kwa wiki 26 ni laki moja na elfu tisini na tano. Jumlisha na ile elfu themanini na tano, Desemba una laki nne na elfu kumi, na hapo sijagusa faida ya mikopo. Ni theluthi ya ulichoota, lakini kila shilingi yake inatoka mahali unapopajua.

Hatari iko kwenye kuvunja kikoba, yaani kugawana pesa mzunguko unapoisha. Nimeona wanawake waliojinyima mwaka mzima, pesa ikagawanywa wiki moja kabla ya Krismasi, na kufika tarehe 2 Januari hawana nauli ya kumrudisha mtoto shule. Ndiyo maana Wakenya huuita mwezi ule Njaanuari. Pesa inayofika bila kazi iliyopangiwa hupangiwa kazi na wengine. Kwa hiyo tarehe 10 Oktoba, siku ya hesabu, andika kila shilingi ya mgao itakwenda wapi, ya ada ya chuo ukifaulu Kemia, ya mama, ya sikukuu pia, na umwonyeshe katibu wenu au rafiki mmoja ndani ya kikoba.

Soda. Hapa tatizo ni jinsi ulivyoliandika. "Kuacha soda" kunakufanya uifikirie soda siku nzima huku friji la jirani likiwa linakutazama. Mwaka 2020 watafiti wa Sweden wakiongozwa na Martin Oscarsson walifuata maazimio ya watu zaidi ya 1,000 kwa mwaka mmoja. Walioazimia kuanza jambo walifanikiwa kwa asilimia 59, walioazimia kuacha jambo kwa asilimia 47. Geuza lako. Beba chupa ya maji ya lita moja, iweke mezani dukani karibu na daftari la mauzo, na mpango wako uwe: "Kiu ikinishika mchana, nakunywa kwanza maji ya chupa hii." Soda usiitaje kabisa. Ukiinywa siku moja, hujaharibu. Norcross huyohuyo aliwahi kuwafuata watu 200 kwa miaka miwili. Waliofika mwisho walikuwa 19 katika kila 100, na zaidi ya nusu ya hao washindi walikuwa wameteleza njiani, wastani mara 14. Walioshinda ni watu walioteleza wakarudi.

Na presha usiiachie chupa ya maji peke yake. Nenda kituo cha afya ukapimwe siku tofauti tofauti, umsikilize daktari. Nakuomba kama dada, usijichagulie vidonge kwa kuwa viko rafuni mbele yako.

Kama unataka kumwona mtu aliyeishi hivi kwa kiwango cha juu kabisa, ni Eliud Kipchoge. Mei 2017, kwenye uwanja wa Monza nchini Italia, alijaribu kukimbia maratoni chini ya saa mbili, akamaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Hakungoja mwaka ugeuke. Alirudi kambini Kaptagat kwa kocha wake Patrick Sang, akaendelea na anachokifanya tangu 2003: kuandika mazoezi yake kwenye daftari, siku kwa siku. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile hazikuhesabiwa kama rekodi ya dunia kwa sababu ya jinsi zilivyoandaliwa, lakini mguu wa binadamu ulikuwa umefika. Kinachonigusa mimi ni yale madaftari. Siku nyingi ndani yake ni za kawaida tu: umbali, muda, viatu.

Jambo moja la tahadhari. Kuwa na malengo mwaka mzima si kujirundikia. Matatu yanakutosha, na hadi Novemba ningependa Kemia iwe inakula chakula cha mengine. Ukifika mwongo wa mtihani, maji na hisa vitajiendesha. Kama havitajiendesha, andika sifuri na ulale. Na mama akiugua tena, Mungu amwepushe, nenda. Peleka daftari Kilosa. Tarehe 10 ikifika, andika sifuri ukiwa kando ya kitanda chake, kama ulivyotuma hisa kwa simu.

Jumamosi hii kikoba kikiisha, usiondoke na wenzako. Kaa hapohapo robo saa, ukurasa mpya, juu yake andika "Mwongo wa kwanza, 1 hadi 10 Julai", chini yake: moli, hisa tatu, chupa ya maji. Kisha tarehe 10 niandikie. Sihitaji barua ndefu: umejibu maswali mangapi ya moli bila kufungua kitabu, umenunua hisa ngapi, chupa umeimaliza siku ngapi. Kama yote ni sifuri, niandikie sifuri tatu, nami tarehe 20 nitakuita tena.